Lori la Mdogo Wake

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuosha magari ya jeshi kabla hayajaingia melini. Watu wa bandarini walimwita Mama Matope, na wala hakuchukia. Gari likipelekwa ng'ambo halipokelewi likiwa na udongo wa lilikotoka. Mkaguzi hulala chali chini yake, tochi mkononi, akichokoa kila upenyo kwa bisibisi. Akikuta hata mbegu moja ya nyasi, gari linarudishwa na meli inasubiri. Magari ya Mama Matope hayakuwahi kurudishwa.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa dereva jeshini. Aliendesha lori refu la kubebea vifaru. Kikosi chake kilipotumwa kulinda amani, alilileta bandarini mwenyewe, akasimama kando huku dada yake akilipulizia maji.

"Dada, utalisugua mpaka rangi itoke, halafu wanifunge mimi."

"Nyamaza. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo mkubwa. Fungua mkoba wangu."

Akala mkate wote, hakumbakishia hata kipande. Kisha akaliingiza lori taratibu kupitia mlango mkubwa wa nyuma ya meli, nalo likafungwa minyororo sakafuni. Hawakuagana vizuri. Dada alikuwa ameshaanza kuosha gari jingine.

Mdogo wake alifariki huko huko ng'ambo mwezi wa nane, kwa homa, hospitali ya kambini. Mwili ulirudi kwa ndege, ukazikwa. Vitu vizito husafiri kwa meli, zamu kwa zamu, kwa hiyo lori lilichelewa miezi mitano.

Liliposhushwa, afande msimamizi wa uwanja alimfuata Mama Matope.

"Mama, hili waachie wenzako. Nenda kapumzike."

"Afande, naomba funguo."

Akampa.

Aliliosha tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Udongo wa huko ulikuwa mwekundu, umeshika kama saruji. Ulitoka vipande vipande ukaingia mtaroni. Alipopanda ndani, hakukuta kitu. Kulishafagiliwa. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa, naye mdogo wake alikuwa mfupi, akiendesha kifua kikigusa usukani. Akakaa pale, miguu haifiki chini, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Mlango uligongwa. Alikuwa askari mrefu, kofia mkononi.

"Samahani, mama. Nimekuja kulichukua. Mimi ndiye niliyelipokea baada yake."

"Ulimjua?"

"Alinifundisha kulirudisha nyuma na tela. Akinitukana kweli kweli. Usiku ule wa mwisho nilikuwa naye."

Mama Matope akajifuta uso kwa kanga ya kichwani. Nyumbani walikuwa wameletewa barua ya jeshi ya mistari minne tu, na mama yao alikuwa ameisoma mpaka karatasi ikachanika penye mikunjo.

"Unatoka kazini saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Nitakusubiri getini."

Jioni ile alimpeleka nyumbani. Mama yao alimvutia askari kiti karibu kabisa na chake, kwa sababu masikio yalikuwa yameanza kumtupa, akamshika mkono.

"Usinifiche, baba," alisema. "Anza siku alipoanza kuumwa. Na usiende haraka."

Askari akaanza kusimulia.