Alama Mbili Juu ya Vichwa vya Simba

Bhabatosh Karmakar hakuwa mtu wa kupendwa. Mimi nilikaa naye mkeka mmoja kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa, kwenye ile njia ya waenda kwa miguu ya Kolkata wanapouza vitabu vikuukuu na sarafu, na sikumpenda. Ukimletea sarafu na kudai imetoka kiwandani na kasoro, hakukutazama usoni. Aliidondosha juu ya kipande cha jiwe, akasikiliza mlio, akaisogeza chini ya lenzi, kisha akakurudishia kwa ncha za vidole kama mtu anayetupa panya mfu.

"Imepakwa," alisema. Au: "Imekatwa nyumbani." Basi, hapakuwa na pole.

Watu waliondoka wamenuna, na Jumapili ya pili walirudi na nyingine, kwa kuwa neno lake lilikuwa halinunuliwi. Alinifundisha mimi, ambaye shule niliiona kwa nje tu. Ukiona sarafu imemegeka ukingoni, alisema, usitazame jeraha. Tazama upande wa pili. Kisahani, yaani kile kipande cha madini kisicho na maandishi bado, kikimegwa kiwandani kabla ya kupigwa chapa, ukingo wa upande mwingine hukosa nguvu na kutoka hafifu. Mhuni mwenye msumeno huhangaika na jeraha peke yake. Upande wa pili anausahau, na ndipo anaponaswa.

Neno hilo ndilo lilikuwa mali yake yote. Kazi yake ya ujanani ilikuwa imekwisha kufa. Alikuwa mpakaji: alitundika mataji ya miungu na kengele za ibada katika beseni la dawa, akaunganisha umeme, vikatoka vimevaa dhahabu. Siku hizi mungu anavalishwa taji la plastiki, watu wanapiga picha wanakwenda zao, na asiyejua tofauti ndiye mwenye sauti kubwa. Beseni lilikauka. Likamwachia kikohozi.

Kwa kuwa wote walijua alikuwa mpakaji, walimuuliza mara kwa mara, naye jibu lake lilikuwa moja: "Taji nimepaka. Kengele nimepaka. Sarafu sijapaka hata moja."

Basi Jumapili moja akaja Pulak Sadhukhan, muuzaji wa siku hizi, simu mkononi, marashi hadi kwenye soksi. Nyuma yake alikuwa mwalimu mstaafu Ardhendu Kundu, mtu mpole, amekumbatia mkoba wake. Pulak alikuwa anamuuzia sarafu, na mwalimu alisema hatoi hata senti mpaka Karmakar atamke.

"Mjomba Bhabatosh, leo utaomba maji," Pulak alisema, akachuchumaa bila kukaribishwa.

"Nitaomba hewa. Sogea, unanuka kama harusi."

"Rupia moja ya zamani, ile nzito ya nikeli. Lakini hii imepigwa kwenye kisahani cha shaba ya njano. Ipo moja tu nchi nzima."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa na moja tu nchi nzima."

Watu wakacheka. Bhabatosh akaiweka sarafu kwenye mizani.

"Shaba ya njano ni nyepesi. Kisahani cha shaba cha ukubwa huu kingepungua uzito. Hiki hakijapungua."

"Mizani yako ni ya kupimia pilipili."

"Tazama herufi, basi, kama unajua kusoma. Sarafu iliyopigwa ina kona. Hii ina mabega. Na pua ya simba wa nembo imelika, lakini rangi juu ya pua ni nzima. Uso umezeeka, ngozi haijazeeka? Hiyo ngozi imekuja baadaye."

"Maneno matupu! Ikwangue, mjomba. Ikiwa ya kweli, utanilipa."

Mwalimu aliwatazama wote wawili kama mtoto wa wazazi wagomvi. Bhabatosh akairudisha sarafu chini ya lenzi, na hapo nikaona kidole gumba chake kikisimama ukingoni, juu ya vichwa vya simba. Alikaa hivyo muda mrefu, hata Pulak akaanza kutabasamu.

"Kaniombee spiriti kwa fundi saa," aliniambia.

Nikaleta. Akalowesha kitambaa, akasugua vitone viwili vyeusi ambavyo mimi nilidhani ni uchafu. Vikatoka. Chini yake kukabaki madoa mawili ya kijivu, nikeli tupu, kila moja dogo kama yai la chawa.

"Imepakwa," alisema.

Mwalimu akafunga mkoba. Pulak akaruka juu. "Basi yule ajuza aliyeniuzia kaniibia! Nibharani, yule mjane wa mtaa wa Shobhabazar! Ananililia eti ni ya harusi yake, kumbe kakaa jikoni anapaka rangi. Kesho naenda naye polisi. Atatema hela zangu na meno yaliyobaki!"

Nikamvuta Bhabatosh shati. "Nyamaza," nikamnong'oneza. "Hayakuhusu."

Alikohoa kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Yule mama hakupaka kitu. Nilipaka mimi."

"Nini?"

"Mwaka wa sabini na tisa. Baba mkwe wake alileta sarafu mia moja na nane, za kuweka kwenye kapu la Lakshmi, mungu wa mali, bi harusi akiingia nyumbani. Nilizitundika kwa waya katika beseni la dhahabu. Waya ukigusa, rangi haishiki, hubaki alama mbili. Mimi huziziba kwa vanishi, nayo ikizeeka huwa nyeusi. Yeye alipewa sarafu inayong'aa, akaamini inavyong'aa."

Pulak alikuwa ameshainua simu. "Rudia, mjomba, watu wasikie! 'Sarafu sijapaka hata moja!'" Aliigiza na kikohozi chake. "Umetuhukumu miaka yote, kumbe jambazi mkuu ni wewe!"

Mwalimu Kundu ndiye aliyemmaliza. "Karmakar, kila ulipokana, ulikuwa unatucheka?"

"Nilikuwa naona haya, mwalimu."

"Haya yako nitaipima kwa mizani gani?" Akaenda zake.

Video ile ilizunguka mji kabla ya Jumapili nyingine. Tulikaa kutwa nzima pale mkekani, hakuna aliyeleta hata sarafu ya paisa moja. Walewale waliomngoja asubuhi wakiwa wameshika sarafu kwenye leso walipita wakitema mate ya tambuu karibu na miguu yake. Jioni akaja Pulak.

"Ajuza bado namdai, mjomba. Polisi ni hapo tu."

"Unataka nini?"

"Mizani. Lenzi. Na mahali hapa."

"Si ulisema mizani ni ya pilipili?"

"Nitauza pilipili."

Bhabatosh akavisukuma vyote juu ya mkeka, hata lile jiwe. Akanyoosha mkono, akapewa sarafu. Alikwenda nayo nyumbani, akaivua ile rangi katika dawa ya mwisho aliyokuwa nayo, ili asiwepo mtu mwingine wa kudanganywa nayo. Asubuhi akanichukua twende Shobhabazar tuirudishe.

Nibharani alifungua mlango nusu, sindano ya kushonea mdomoni. Bhabatosh akamweleza yote, harusi, waya, vanishi, Pulak, akaweka sarafu kiganjani mwake. Mama akaigeuza upande huu na huu.

"Hii ni rupia," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo yenyewe."

"Yangu ilikuwa ya dhahabu. Niliiuza kwa shida, lakini ilikuwa ya dhahabu. Wewe mzee mzima, huoni aibu kuja kumdanganya mjane asubuhi?"

Akaitupa ngazini, akafunga mlango. Sarafu iliruka vidato vitatu, ikilia kwenye mawe. Bhabatosh alisimama akiinamisha sikio mpaka ilipotulia.

"Umesikia?" aliniambia. "Safi."

Akaanza kushuka. Niliiokota mimi.