Vikaratasi Ambavyo Havikukauka

Siku Wuri Pangestuti alipopokewa kwenye maabara ya vijidudu, hakupewa hadubini wala koti jeupe. Alipewa brashi ya chupa. Pak Sakiman, fundi aliyekuwa na miaka ishirini na sita katika vyumba vile, alimwonyesha beseni lililojaa visahani vya kioo.

"Osha," alisema. "Ukimaliza, osha tena. Halafu uniite nikuambie kwa nini bado ni vichafu."

Wuri alikuwa mwaka wa tatu wa chuo pale Yogyakarta, binti wa mfuga samaki wa Banyumas. Lafudhi ya kwao, inayobana kila neno mwishoni kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino, iliwachekesha wenzake wa mjini. Aliyecheka zaidi ni Mas Danang, yaani Kaka Danang, mwanafunzi wa shahada ya pili aliyepewa kazi ya kumfundisha.

"Hebu sema tena 'bakteria', Wuri. Leo nimeamka vibaya."

"Ninunulie kwanza tempe ya soya iliyokaangwa, Mas, nitakusemea mpaka upone."

Lakini Danang alikuwa mwalimu mzuri. Alimfundisha kupitisha sindano kwenye moto, kufunua kisahani kidogo tu, na kufunga mdomo. "Ukiongea juu ya kisahani kilicho wazi unapanda mate yako," alimwambia. "Kesho utavuna mdomo wako mwenyewe."

Miezi miwili ya kuosha na kutazama ilipopita, Bu Retna, profesa mwenye maabara, alimwita amwulize anataka kuchunguza nini. Wuri alikuwa na jibu tangu nyumbani. Misimu miwili ya mvua mfululizo, samaki wa baba yake, aina ya gurami, walikuwa wakielea wamevimba matumbo, na vidonda vyekundu ubavuni. Kwenye ua wa nyumba yao ulitambaa mmea wa binahong, ambao majani yake bibi yake aliyaponda na kuyabandika kwenye majeraha. Je, majani yale yangeweza kuua kijidudu kinachoua samaki?

Bu Retna alimtazama juu ya miwani. "Swali hilo umelitoa kitabuni au kwenu?"

"Kwetu, Bu."

"Basi utalitunza. Au utalipenda kupita kiasi. Tutaona."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Wuri alikausha majani, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti na kuyachuja. Akachovya humo vikaratasi vya duara, ukubwa wa kifungo cha shati, akavipanga kwenye kisahani alichokipaka vijidudu vya samaki. Kando yake aliweka kikaratasi kilichochovywa maji matupu, apate cha kulinganisha. Dawa ikifanya kazi, kesho yake vijidudu vitaota kisahani kizima isipokuwa pale penye kikaratasi, na hapo patabaki mviringo safi.

Wiki ya tatu alifungua kabati la joto la kuoteshea vijidudu akaiona miviringo hiyo. Kila kikaratasi cha majani kilikuwa na wake, na cha maji hakikuwa na kitu. Alipiga ukelele. Danang akaja mbio.

"Umeungua?"

"Angalia, Mas! Milimita kumi na moja!"

Bu Retna alitabasamu, jambo ambalo watu wa maabara walisema hutokea siku ya Idi tu. Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa wanafunzi watafiti kule Surabaya. Akaandika jina la Wuri kwenye orodha palepale. Jioni ile Wuri alimpigia simu baba yake, Pak Darsum.

"Bapak, majani yanaua!"

"Si nilisema? Bibi yako hakwenda shule, lakini alikuwa na macho."

Haikupita wiki, Pak Darsum alikwisha kutia vikapu viwili vya majani bwawani. Majirani sita walikuja na mapanga kuomba na wao, mpaka ua ukabaki mtupu.

Jumanne moja Wuri alikuwa akiandaa visahani vya kupiga picha za kupeleka Surabaya. Aliinua kikaratasi kwa koleo dogo, na harufu ya spiriti ikampanda puani. Mkono ukasimama hewani.

Spiriti ndiyo waliyofutia meza kila asubuhi, kwa sababu inaua vijidudu. Yeye alikuwa amelinganisha majani na maji. Maelekezo yalisema vikaratasi vikauke nusu siku, spiriti iruke yote. Yeye, kwa haraka yake, alikuwa akivipa robo saa.

Akachovya kikaratasi kimoja kwenye spiriti tupu, isiyo hata chembe ya jani, akakiweka kwenye kisahani kipya. Kesho yake hakwenda darasani. Alifungua kabati la joto akapima kwa rula, akapima tena. Milimita kumi na moja.

Aliketi kwenye stuli kisahani kikiwa mkononi. Hakuna aliyekuwa amekiona. Kilihitaji brashi na maji ya moto tu, na kuosha ndiyo kazi aliyokwisha kuijua kuliko zote. Pak Sakiman alipita na toroli lake, akanyoosha mkono.

"Hicho nikichukue?"

Wuri alikishika kisahani kwa mikono miwili.

"Hapana, Pak. Bu Retna hajakiona."

Bu Retna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakigeuza kisahani dirishani. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Bu."

"Kwa nini hukuvikausha?"

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka yawe kweli."

Profesa alikiweka kisahani mezani taratibu. "Na mimi nilitazama miviringo yako nisiulize kikaratasi cha spiriti kiko wapi. Nilikipenda nilichokiona. Liandike na hilo kwenye daftari." Kisha akachukua kalamu, akalikata jina la Wuri kwenye orodha ya Surabaya.

Wuri alilia chooni. Alipotoka, Danang alimsukumia tempe ya moto kwenye karatasi. "Umeiua dawa yako mwenyewe," alisema. "Wengine hungoja adui awafanyie."

Kwa baba yake hakupiga simu. Jumamosi alipanda treni. Alimkuta amechuchumaa kando ya bwawa, suruali imekunjwa magotini.

"Bapak, nilikosea. Si majani yaliyoua. Ni spiriti niliyoyaloweka."

"Kwa hiyo niwatilie spiriti?"

"Watalewa, Bapak."

Pak Darsum alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Nduk, binti yangu, jirani yetu Tarso amegawa majani mpaka kwa shemeji zake. Nitamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi."

Walikwenda wote wawili, nyumba kwa nyumba, nyumba sita. Katika tano walipewa chai na kusikilizwa. Kwa Pak Tarso ilikuwa kazi.

"Lakini samaki wangu wamepona!"

Wuri angeweza kuitikia tu wakaachana kwa amani. "Pengine ni kwa sababu mvua imepungua, Pak. Bado sijui."

"Wasomi nyie! Juzi mnajua, leo hamjui!"

Pak Darsum akamgeukia. "Tarso, binti yangu ametoka Yogya kuja kukuambia kwa kinywa chake kwamba amekosea. Wewe uliniletea vifaranga vya samaki wagonjwa mwaka juzi, na mpaka leo hujavuka barabara kuja kuniambia ulikosea."

Tarso aliwavutia viti. Akaagiza chai.

Wuri aliirudia kazi kuanzia mwanzo, vikaratasi vimekauka sawasawa, safari hii na cha spiriti kando. Miezi minne alipima. Majani yalitoa mviringo wa milimita mbili, siku nyingine hayakutoa kabisa. Aliyaandika yote kwenye tasnifu yake: kwamba majani yana nguvu kidogo kisahanini, na kwamba kama yanafaa bwawani bado haijulikani. Kurasa zilikuwa chache. Bu Retna alizisoma akamuuliza maswali matatu tu, na la tatu lilikuwa kama angependa kubaki.

Alibaki. Sasa anachunguza maji: kila mwezi wafugaji saba wa kijijini kwao humtumia kwa treni chupa za maji ya mabwawa yao, naye hutafuta ni lini, kabla samaki hajavimba, kijidudu kinaanza kuongezeka. Msimu mmoja wa mvua umekwisha pita, na dawa bado hajaipata. Pak Tarso hufunga chupa yake kwa mpira mara mbili, na humpigia simu kila baada ya siku tatu kuuliza kama imefika.