Mgonjwa wa Kwanza wa Ghorofa ya Nne

Kasyoki alikuwa mpika chai wa idara moja ya serikali katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya nne, kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu wa haya. Wafanyakazi walimjua kwa mlio wa vikombe kuliko kwa sauti yake, na mwaka ule wa korona hata maneno machache aliyokuwa nayo yaliishia ndani ya barakoa.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa ugonjwa wenyewe, bali karantini. Kule Mutuini alikopanga, jirani yake muuza mboga alibebwa na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi unyayoni. Alirudi baada ya siku kumi na nne, mzima kabisa, lakini hakuna aliyenunua tena hata fungu la sukuma wiki kwake. Mkewe Kasyoki, Nzisa, alikuwa msusi Kenyatta Market. Nani angempa kichwa chake mke wa mtu wa karantini?

Jumanne moja ikasemekana kwamba mkaguzi wa serikali atafika saa nne kuona kama ofisi za umma zinafuata masharti ya kujikinga. Sharti mojawapo lilikuwa chumba cha kumtenga mtu atakayeonyesha dalili. Idara haikuwa nacho. Saa moja asubuhi Bwana Mwaura, msimamizi wa ofisi, akasimama mlangoni pa jikoni.

"Kasyoki, toa kila kitu hapa. Na mtu akiuliza, hiki chumba cha wagonjwa kimekuwepo tangu Aprili. Tumeelewana?"

"Ndiyo, boss."

Lenox, karani wa masjala, alikuja kusaidia kubeba. "Mzee, leo umepandishwa cheo! Kutoka chai mpaka hospitali!" Akacheka peke yake. Sufuria zilipelekwa chooni, sukari ikaingia kwenye kabati la faili. Mkebe wa unga wa tangawizi ukamponyoka Lenox, ukamwagikia Kasyoki usoni akiwa ameinama. Kisha kikaletwa kitanda cha kukunja, na karatasi ikabandikwa mlangoni: CHUMBA CHA KUTENGA WAGONJWA.

Mkaguzi alikuwa Bi Mehreen, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyesoma kila karatasi ukutani hadi nukta ya mwisho. Kasyoki alijibanza kando ya mlango, koo likimwasha. Akameza mate. Akameza tena. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kasyoki hakuwa na habari na mapenzi asubuhi ile. Kikohozi chenyewe ndicho kilichomshinda. Kilimtoka mara nne mfululizo.

Lenox aliruka kama aliyekanyaga nyoka.

"Huyu ni mfanyakazi wenu?" Bi Mehreen aliuliza.

"Ndiyo, madam," alisema Mwaura, akirudi nyuma.

"Basi tuone utaratibu wenu. Hapa ukutani imeandikwa msimamizi wa ofisi ndiye wa kumpeleka mgonjwa."

"Chumba anakijua, madam. Atajipeleka."

Kasyoki akaingia mwenyewe, mlango ukafungwa. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari kwa miaka mingi. Aliketi kwenye kitanda, mikono katikati ya mapaja, akamsikia Bi Mehreen akiulizia nambari ya ambulensi. Akilini alimwona Nzisa kwenye stuli yake, chanuo mkononi, na soko zima likipita upande wa pili.

"Mzee," sauti ya mkaguzi ilitoka nyuma ya mlango, "kikohozi kimekuanza lini?"

Alitaka kusema ni tangawizi. Lakini tangawizi ingetoka wapi katika chumba cha wagonjwa? Kusema ni kumvua Mwaura nguo mbele ya serikali. Kunyamaza ni kupanda ambulensi.

"Mjibu madam," Mwaura akasema, na kwa jinsi alivyokaza neno lile, Kasyoki alielewa kwamba anaambiwa achunge mdomo.

Akausogelea mlango.

"Ni tangawizi."

"Sikusikii, mzee."

"Ni tangawizi, madam! Ilinimwagikia leo saa moja tukihamisha vyombo. Hapa ni jikoni. Mimi hupika chai hapa."

Mlango ulifunguliwa. Bi Mehreen alimtazama kwa mbali, akauona ule unga kwenye ukosi wa shati lake, akarudisha simu mkobani.

"Utapimwa kesho, pamoja na kila mtu wa ghorofa hii. Lakini leo hubebwi. Haya uliyosema nitayaandika, nawe utatia sahihi."

Kasyoki hakuwa amevuka shule ya msingi, na tangu aiache, kalamu haikuwa kazi yake. Aliandika jina lake herufi moja moja, huku Mwaura amesimama nyuma ya bega lake.

Mkaguzi aliposhuka ngazi, Mwaura aliinama sikioni mwa Kasyoki. "Kesho uje mapema, Kasyoki. Tuongee kidogo, mimi na wewe tu."

Alisema kwa upole. Kwa miaka kumi na tisa Mwaura hakuwahi kumsemesha kwa upole, na Kasyoki alipokwenda chooni kuzichukua sufuria zake, hakujua kama kesho angezipikia chai tena.