Spika Zisizo na Sanduku

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya kupakia rangi nikaambiwa niondoe mende ndani ya redio. Duka lilikuwa Kisii mjini, kwenye barabara ya kushukia stendi, na mwenye duka alikuwa Mhindi mnene aliyevaa miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Redio za wakati ule zilikuwa za valvu, yaani chupa ndogo za kioo zenye nyaya ndani zinazowaka kama taa. Valvu hutoa joto, na mende wa Kisii, ambako baridi ya asubuhi haina mchezo, walikuwa wamegundua jambo hilo kabla ya mafundi.

"Unajua kusoma?" mwenye duka aliniuliza.

"Najua."

"Basi soma hapa." Alinionyesha kibandiko nyuma ya redio. "Kinasema nini?"

"Kinasema ni hatari, usifungue."

"Sasa fungua."

Nilifungua. Redio ilikuwa haijachomekwa popote, lakini nilipopitisha kidole chini ya chuma nilitupwa hadi kwenye magunia. Mwenye duka hakuinuka kitini. "Hiyo inaitwa kapasita," alisema. "Inakunywa umeme na kuuweka tumboni. Wewe ukizima redio, yeye hajui kama umezima." Sijawahi kufundishwa kitu shuleni kikanikaa kama kile. Nilikuwa nimeacha masomo darasa la sita, si kwa kushindwa bali kwa sababu miguu yangu haikupenda dawati. Pale dukani nilituliza miguu miaka kadhaa, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Kazi tuliifanya kwa mita na kwa pua. Transfoma, yaani kile kipande kizito kinachopandisha au kushusha nguvu ya umeme, ikiungua hunuka kama samaki aliyesahauliwa juani. Resista, kile kijiti kidogo kinachopunguza umeme, hunuka kama karatasi ya nta. Mwenye duka alikuwa akisema fundi mwenye mafua abaki kwake, maana hana tofauti na mteja. Tulichomelea kwa solda na chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la makaa, kwa sababu umeme wa mji ulikuwa ukikatika bila kuaga.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye gari la sinema la serikali. Afisa wa habari aliyekuwa mkubwa wangu alikuwa mtu mrefu wa maneno mafupi. Tulipita Ekerenyo, Ikonge na masoko mengine ya Nyamira tukionyesha picha za kilimo bora, na kazi yangu ilikuwa vipaza sauti vya pembe, zile tarumbeta kubwa za bati juu ya gari. Pembe hupeleka sauti mbali sana, lakini hufanya kila mtu aongee kama ana kikohozi. Nilimuuliza afisa kama haoni kwamba hotuba zote zinafanana. Akasema, "Onchari, hata bila pembe zinafanana. Endesha jenereta."

Katika safari hizo nilianza kujiuliza swali ambalo halikunitoka tena: kwa nini mashine haitoi sauti kama ilivyoingia? Na aliyenitia swali hilo hakuwa afisa, alikuwa baba yangu.

Baba aliishi Suneka, na alipiga obokano. Kwa msomaji asiye wa kwetu, obokano ni kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, chenye tumbo la mti lililofunikwa ngozi, na sauti yake ni nzito yenye mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Hapakuwa na harusi ya maana upande ule bila yeye. Siku moja watu wa redio walipita wakamrekodi, na baada ya majuma wakamtangaza. Soko zima la Suneka lilikusanyika penye redio ya betri ya muuza duka. Kilichotoka ni dum, dum, dum.

"Mzee, hiyo ni obokano au unapiga pipa?" mtu mmoja aliuliza, na wengine wakacheka.

Baba alicheka nao, lakini jioni aliniita. "Wewe ndiye unayefungua hizi redio," alisema. "Yule si mimi. Mtu anayepiga obokano husikia tumbo lake tu, maana amelikumbatia. Wanaosikia ni wengine. Nataka na mimi nisikie kama mtu aliyekaa mbali. Nataka kujua kama ninapiga vizuri au wananisifu kwa sababu ya pombe."

"Tata, utasikia," nikamwambia. Tata kwetu ni baba. Sikujua nilikuwa nimeahidi nini.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa katika kiwanda cha chai upande wa Nyamira, kutunza mota na nyaya. Mkubwa wangu, injinia wa kiwanda, alikuwa Mzungu mpweke aliyependa santuri. Mara ya kwanza kuitwa nyumbani kwake nilikuta vitu viwili vimesimama katikati ya sebule, kila kimoja kama mlango mfupi wa kabati uliopindishwa kidogo, na mbele kuna wavu wa rangi ya shaba. Nilidhani ni vya kuotea moto.

"Ni spika," alisema. "Moja inanguruma. Iangalie, lakini kwanza kaa pale usikilize nyingine."

Nilikaa. Aliweka santuri ya mwanamke akiimba na piano. Wasomaji wangu, nimesikiliza vitu vingi maishani, lakini siku ile nilisikia yule mama akivuta pumzi. Nilisikia ulimi ukigusa meno. Niligeuka kutazama nani ameingia.

Spika ya kawaida ina koni ya karatasi inayosukumwa na sumaku ndani ya sanduku, na sanduku lile huongeza maneno yake: huvuma, hurudisha mwangwi. Zile hazikuwa na koni, sumaku wala sanduku. Ndani mlikuwa na utando wa plastiki, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umewambwa kama ngozi ya ngoma kati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando ule hutiwa umeme wa nguvu kubwa mno, na muziki ukipita kwenye mabamba, utando wote husogea mara moja, kidogo sana. Ni hewa tu inayosukumwa. Kasoro zipo: sauti nene hupungua, ukiongeza nguvu kupita kiasi cheche huruka na kutoboa utando, na anayesikia vizuri ni yule aliyekaa mahali pake hasa. Halafu sauti hutoka nyuma sawasawa na mbele, ilhali ukisimama ubavuni husikii karibu kitu. Niliwahi kuzunguka spika ile kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, nikisikia muziki ukija na kupotea, injinia akinitazama bila kuniharakisha.

Injinia alipomaliza muda wake na kurudi kwao, spika zilibaki kwangu. Alisema baharini zitavunjika, na hakuna mwingine nchini aliyemjua aliyekuwa tayari kuzifungua na kuzifunga tena. Alinipa pia kinasa sauti chake kidogo cha betri. Niliacha kazi kiwandani nikarudi Kisii mjini, nikapanga chumba kimoja chenye umeme, mimi na mke wangu Moraa.

Spika za namna ile hazitaki ukuta. Ukizisogeza ukutani ile sauti ya nyuma hurudi na kuvuruga ya mbele. Kwa hiyo zilikaa katikati ya chumba. Moraa alikuwa amefuma vitambaa vya makochi, na kwetu redio bila kitambaa ni kama mtu bila shati. Alizifunika. Nikafunua. Akafunika.

"Chumba kimoja," alisema, "na wewe umeweka milango mitatu. Wageni watapitia upi?"

Lakini jioni, sahani zikiisha kuoshwa, yeye ndiye aliyekalia kile kiti kimoja cha kusikia vizuri, na mimi nikakaa kitandani. Kwaya za redio, mahubiri, hata matangazo ya vifo, vyote vilikuwa na watu ndani yake. Moraa aliweza kusema ni mwimbaji gani ana mafua. Sina hakika kama nimewahi kuwa na furaha nyingine ya nyumbani inayofanana na ile.

Nilikwenda Suneka na kinasa sauti, nikamrekodi baba nje ya nyumba yake, mbali na kuta, kama nilivyosoma kwenye magazeti ya ufundi aliyoniachia injinia. Ikabaki kumsikilizisha, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Suneka kwake hapakuwa na umeme, na spika zile bila umeme wa ukutani ni milango kweli. Dukani kwa mwenye duka wangu wa zamani nilijaribu, lakini malori ya barabarani yalimeza kila kitu. Ilibaki chumbani kwangu. Na kwetu Abagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, heshima kati ya wazazi na watoto, na chumba chenye kitanda cha mwana nyuma ya pazia ndicho cha mwisho kabisa ambacho mzee angekanyaga.

"Nitasikia nikiwa wapi sasa?" baba aliuliza nilipomweleza. "Juu ya paa?"

Nilifikiria jambo hilo juma zima, na jibu lilikuwa ndani ya spika zenyewe. Zinasema nyuma kama zinavyosema mbele. Siku ya Jumapili, ploti yetu ya vyumba vya kupanga ikiwa tulivu, nilizigeuza zikaupa mlango mgongo, nikaacha mlango wazi. Moraa alikwenda kwa jirani ili mzee awe huru. Nilimwekea baba kiti barazani, nikakisogeza, nikakirudisha, nikainama usawa wa masikio yake hadi akaniuliza kama ninampima jeneza. Kisha nikaingia ndani, nikakaa upande wangu. Sote wawili tulikuwa tukisikia kitu kimoja, na katika nafasi iliyo kati ya spika niliuona uso wake.

Nikawasha. Tumbo la obokano lilikuwa limepungua, lakini kila uzi ulikuwepo, na mvumo wake, na kucha zikigusa uzi kabla ya kuuvuta. Hata kuku wa Suneka walikuwepo. Baba alitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki. Vidole vyake vilianza kucheza magotini, vikifuata. Kisha vikasimama.

"Rudisha kidogo," alisema.

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Tena."

Nikarudisha tena.

"Mkono wa kushoto unachelewa," alisema. "Unasikia? Wa kulia umefika, wa kushoto bado uko njiani. Ni mashine inayouchelewesha?"

Mkanda ukichakaa au betri zikiisha, wimbo wote huenda polepole. Mkono mmoja peke yake hauwezi kuchelewa. Hilo kila fundi analijua, na aliniuliza kama fundi.

"Si mashine, Tata."

"Zamani ulikuwa hivi?"

"Sijui. Zamani hatukuwa na hizi."

Aliusikiliza wimbo hadi mwisho. Aliniambia nimefanya kazi nzuri, na kwamba sasa amejisikia. Alikunywa chai aliyoletewa na jirani, akaniuliza habari za mvua, akaenda kwao Suneka. Walipokuja watu kumwita harusini mwezi uliofuata aliwaambia mkono unauma. Haukuuma. Hakupiga tena.

Spika zenyewe hazikudumu. Masika ya Kisii yalizipata. Unyevu na moshi wa majiko ya ploti viliingia, na umeme wa utando huvuta vumbi kama sukari inavyoita sisimizi. Zilianza kutoa mlio wa bisi zikikaangwa, moja ikanyamaza, kisha ya pili. Nilijaribu kuwamba plastiki ya kufungia mkate. Ilitoa sauti ya mkate.

Baada ya hapo nilitengeneza mizani za vituo vya chai, jenereta za misheni, saa, cherehani, kila kilichokuwa na kifuniko cha kufunguliwa, na sikukaa popote. Sasa nimestaafu, kama mtu asiyewahi kuajiriwa kwa barua anaweza kusema hivyo. Ufundi wangu umekwisha. Hakuna anayetengeneza redio. Vijana huniuliza nini kizuri katika sauti, nami huwaambia: ukaribu, uwazi, sanduku lisiingilie. Ninaamini hivyo bado. Siku ile barazani kazi yangu haikuwa na kasoro hata moja, na nimeitafuta kasoro hiyo miaka yote kwa sababu ningependa iwepo.

Mara ya mwisho kukaa na baba, nilimkuta uani kwake Suneka na Mokaya, binamu yangu, mtu mzima mwenye watoto, ambaye baba alikuwa amempa obokano yake. Mokaya alikuwa akipiga kwa nguvu, macho amefumba, nyuzi mbili haziko sawa, na baba alikuwa akitikisa kichwa kwa raha. Nilikuwa na kinasa sauti begani. Niliuliza kama nimrekodi.

"Mwache," baba alisema kwa sauti ya chini ili Mokaya asisikie. "Anapiga harusini Alhamisi."