Sufuria ya Kumi

Mkicheka nanyamaza, maana aibu hii naibeba tangu miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa fundi kijana karakana ya Lushoto, na mpaka leo kwenda Mgwashi naona haya.

Mashine ya kusaga ya kijiji hicho cha Mgwashi ilivunjika puli, lile gurudumu la mkanda, spea hazipatikani hata ulie, basi akina mama wakachanga sufuria tisa, zikayeyushwa, likatoka pande moja la aluminiamu, wakaniletea nilikereze liwe puli mpya, yaani nilizungushe kwenye mashine huku kisu kikilichonga. Mwenyekiti wao, Mama Zubeda, akakaa kwenye benchi kunitazama.

Msimamizi wangu, kabla hajaenda kunywa chai, alinionya: “Kisu kikate kwa nguvu, maranda yakatike vipande vifupi vifupi. Na umwagie mafuta ya taa, aluminiamu inanata.”

Sasa mimi (nimerudi kozini juzi tu, kichwa kimejaa) nikaona vifupi havina sifa, nikakipunguza kisu mwendo, kikawa kinakwangua kidogo kidogo, bila mafuta, likatoka randa moja refu linalong'aa, Mama Zubeda akasema “Aa!” nami nikavimba.

Hapo akaingia mzee mmoja, mjumbe mwenzake wa kijiji. Mzee kama yule humwamkii ukiwa umempa mgongo, na kuzima mashine nikaona kutaniharibia onyesho, basi nikageuka, nikainama.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mwanangu. Wazee hawajambo? Mahindi je?”

Nikajibu yote (salamu zetu Wasambaa mnazijua), kumbe nyuma yangu lile randa linajizungushia kwenye pande, likadaka koti langu, nikavutwa kinyumenyume kuelekea kwenye mashine, koti likachanika, shati likafuata, nikapiga kelele, Mama Zubeda akanirukia, akanishika suruali na kuvuta, mkono wangu ukafikia swichi. Nikapona. Suruali ilibaki mikononi mwake.

Hakuna aliyecheka. Wote wawili walikuwa wanatazama puli. Aluminiamu ilikuwa imeganda kwenye ncha ya kisu, na kisu kimelichimba lile pande mfereji wa kuzama kidole.

“Imeharibika?” Mama Zubeda akauliza.

“Imeharibika, mama. Tukiyeyusha tena itapungua. Itatakiwa sufuria nyingine.”

Akanirudishia suruali yangu, taratibu, bila kuniangalia.

“Kwangu imebaki ya uji wa mjukuu,” akasema. “Kesho nitaileta.”

Kweli aliileta, imesuguliwa ikatakata. Tangu siku ile sijakereza tena kitu cha mtu ili nitazamwe.