Swali Analoliogopa Evelina

Saa kumi jioni, Mkuyuni, Mwanza. Nyuma ya vibanda vya mitumba, Evelina Luhende anawageuzisha nguo watu wazima na akili zao. "Wewe, mishono nje! Na wewe Janet, geuza gauni!" Wapita njia wanacheka. Mmoja anauliza kama wote wamechanganyikiwa kwa pamoja. Evelina hacheki.

Haya ni mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Waigizaji wote wamegeuza nguo, isipokuwa Josephat, mpasua samaki, anayeigiza mtu asiyesema. Ajabu ni kwamba huyo asiyesema ndiye pekee mwenye Kiswahili kinachoeleweka. Wenzake wanabwabwaja tu na kugonga mifuniko ya sufuria.

"Hivi ndivyo kaka yangu anavyotusikia," anasema Evelina. "Makelele matupu."

Kaka huyo ni Shimba, mwenye miaka thelathini na ushei. Tangu utotoni haongei, hapendi kushikwa, na shati lazima alivae mishono ikiwa nje. Evelina alikuwa akishona magunia kiwandani. Kiwanda kilipouzwa akapunguzwa kazi, na sasa anapunguza suruali za mitumba kwa cherehani yake. Ni kwenye cherehani hiyo alipong'amua kwamba mishono inamkwaruza kaka yake.

"Kumbe kwake yeye, sisi ndio tuliogeuza nguo!"

Daktari mmoja mgeni aliiita hali hiyo otizimu, yaani usonji, akaeleza kuwa mtu huzaliwa nayo, hakuna aliyemfanya hivyo. Evelina alilia kwa furaha. Lakini kijijini kwao, ng'ambo ya ziwa huko Sengerema, nani kamsikia daktari? Huko wanasema Shimba karogwa, na aliyemroga ni mama yake mzazi, Bibi Getruda, mjane ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

Maneno ya namna hiyo si ya mchezo. Mwaka jana, vikongwe wawili wa kijiji jirani walikatwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo, yanayodhaniwa kuwa ya kichawi.

"Mtu wa kwetu akija kuniulizia hapa sokoni," anasema Evelina, "najua kaleta msiba."

Alimsihi mama ahamie mjini. Bibi akakataa katakata: "Nikikimbia, nimekubali." Ndipo Evelina akaamua kuupeleka mchezo huko huko kijijini, Jumamosi hii, watu wamwone Shimba kwa ndani.

Sasa kuna swali moja linalomnyima usingizi. Katikati ya mchezo Josephat anawageukia watazamaji: "Wanauliza: nani kanifanya hivi?" Na watazamaji wetu tunawajua, jukwaa likiuliza wao wanajibu! Walipoonyesha Mkuyuni mwezi uliopita, sauti ilitoka nyuma: "Mama yake!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mjini ni kicheko," anasema Josephat. "Kule mtu ataitikia kwa panga. Dada Eve, tulitoe hilo swali."

Evelina alikuwa radhi kulitoa. Aliyegoma ni mama. Wiki iliyopita alivuka kwa kivuko, akayatazama mazoezi mpaka mwisho, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Swali hilo wananiuliza kisogoni miaka yote," aliwaambia. "Safari hii waniulize usoni. Nitapanda mwenyewe niwajibu: nimemzaa hivi."

"Na mtu akipanda kukufuata, mama?" aliuliza Evelina.

"Wao huja gizani, mwanangu. Mimi nawataka mchana, watu wakiwaona."



Evelina hafichi hofu yake. Leo sindano imemchoma kidole, yeye fundi wa miaka mingi. Lakini nauli ya kivuko ya kundi zima ameshailipa, na harudi nyuma. Anapoulizwa anatumaini nini, anaanza na asichotaka.

"Sitaki makofi," anasema. "Jumamosi tuonyeshe, tulale pale pale kwa mama. Jumapili kukicha nimgongee mlango, nimwambie shikamoo. Aitikie tu."