Meli Iliyopanda Mchangani

Candide Mapendo anampaka Mzee Jovito Rebelo povu shavuni na kumnyoa taratibu. Uji uko mezani, umepoa, kando ya kifaa cha masikio; bila hicho mzee hasikii. Tangu misa ya mwezi uliopita, mzee hali ila kwa kubembelezwa.

"Mimi ndiye niliyemuulia rafiki yake," anasema Candide, mhudumu wa wazee majumbani hapa Scarborough, Toronto. "Kwa mdomo wangu huu!"

Maskini, kosa lenyewe lilianza kwa wema. Mzee Jovito, mpishi wa zamani wa melini, Kiingereza kimemtoka kwa uzee. Kimebaki Kiswahili cha Mombasa. Mwanawe Darryl, aliyekulia Toronto, Kiswahili anaokoteza tu. Basi Candide, mzaliwa wa Bukavu, akawa mkalimani.

Kila akiogeshwa, mzee alisimulia meli yake. Waingereza waliiunda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikashusha vifaru Burma. Baadaye ikabeba mizigo ya jeshi pwani ya Afrika Mashariki, hadi ilipouzwa chuma chakavu. Jovito alikuwa jikoni, rafiki yake Shaukat kwenye injini.

"Tukaipandisha mchangani, mbele kote kukafunguka," alisema huku machozi yakimtoka.

"Kwetu ziwani, chombo kikipanda mchanga kikafunguka mbele, watu wamekwisha," anasema Candide. "Nikamwambia Darryl wenzake mzee walizama."

Darryl, mtoto mwema, akawaombea misa ya marehemu. Padri akasoma majina, na la Shaukat likiwemo. Mzee akashika kichwa. "Shaukat amekufa? Lini?"

Darryl alipotafuta picha mtandaoni ndipo walipojua. Kumbe meli zile zilijipandisha ufukweni makusudi, zikafungua milango ya mbele, vifaru vikatoka! Hakuna aliyezama. Mzee alikuwa akilia kwa kuikumbuka tu.

Wakamwambia wamekosea. Wapi! "Jina limesomwa altareni," akajibu, akageukia ukuta.

Candide akamuulizia Shaukat kwa wahudumu wenzake wanaoogesha wazee wa pwani, mpaka akafika mtaa wa Weston, mlangoni kwa Bi Ruqayyah, mke wa Shaukat. Alikuta jamvi la matanga ya Shaukat.

"Siku ya misa alikuwa hai," anasema Candide, wembe ukiwa umesimama hewani. "Alikuwa mji huuhuu, na alikuwa akimuulizia Papa Jovito. Tulichelewa siku chache. Inaniuma sana."

Kesho Bi Ruqayyah atakuja kumpa mzee pole. Candide amepanga kumwambia mzee yote mbele ya mama huyo, kwamba siku ya misa Shaukat alikuwa hai.

"Papa akinifukuza, sawa," anasema, akivuta bakuli la uji. "Lakini ale kwanza."